Mlango Unatazama Wapi?

Darasa nililosomea lilikuwa na mabati bila dari. Mvua ikianza, mwalimu anapandisha sauti. Ikikolea, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Ikishuka kwelikweli, anaweka chaki chini, anaketi, nasi tunalalia madawati tukisikiliza kishindo. Kugawanya kwa njia ndefu kulinipita kwa mtindo huo, kipande leo, kipande kesho, na hadi sasa nikikutana na namba kubwa ya kugawanya nasikia mabati. Kiangazi nacho kilikuwa na adhabu yake. Ikifika saa saba mchana chumba kimekuwa tanuri, watoto wa nyuma wanasinzia, na wanaosinzia wanachapwa.

Bibi yangu alikaa jirani na shule, katika nyumba ya udongo yenye paa la nyasi. Humo mvua ilisikika kama mtu anapepeta nafaka chumba cha pili, na mchana ukiingia kutoka juani unahisi umemwagiwa maji. Bibi alijua ukuta uwe na unene gani. Alijua paa lishuke mpaka wapi ili maji yasirukie ukutani, na kila mwaka alikandika upya pale palipobanduka. Hakuna mwalimu aliyewahi kututuma tukamwulize. Shuleni tulifundishwa kuchora nyumba: mraba, pembetatu juu yake, madirisha mawili, na bomba la moshi. Bomba la moshi! Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuliona.

Miaka mingi baadaye nikaingizwa kwenye kamati ya ujenzi wa shule ya msingi. Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao, kwa hiyo nilisikiliza kuliko wengine. Mfadhili alikuwa amemleta msanifu majengo, kijana mpole, na kijana akaja na ramani ya kupendeza: madarasa ya mviringo yamepangwa kama kijiji, mapaa yamechongoka, kuta zimejaa nakshi. Akasema shule hii inaakisi utamaduni wenu. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa, maana mgeni hakatizwi. Ndipo bibi mmoja, mjumbe wa upande wa wazazi, akaomba ramani igeuzwe aione vizuri.

"Mjukuu wangu, mlango unatazama wapi?"

Kijana akamwonyesha.

"Basi mvua yote itaingia ndani. Upepo wake unatoka huku." Akaonyesha kwa kidevu. "Na hapa ulipoweka ofisi ya mwalimu mkuu, maji hupita. Siyo kila mwaka, lakini hupita."

"Sawa bibi, hilo tutalirekebisha."

"Na sisi wazazi tukija, tunakaa wapi?"

Kijana aliitazama ramani yake kwa muda. Mlikuwa na stoo, mlikuwa na mahali pa mlingoti wa bendera, mlikuwa hata na maegesho ya magari mawili. Mzazi hakuwa na pa kukaa.

Maswali yale niliyaandika kwenye kumbukumbu kama yalivyosemwa, na tangu siku hiyo kila nikisoma habari za shule iliyojengwa "kwa asili ya wenyeji" huwa naipitisha hapo kwanza. Nakshi ni kazi nyepesi. Rangi ndoo mbili, fundi mmoja, wiki moja, picha zinapigwa. Kujua maji yanapita wapi na mzazi anaketi wapi kunataka mtu aliyeishi pale.

Watu waliotaka kuufuta utamaduni wa wengine walilielewa hili mapema kuliko sisi tunaotaka kuurudisha. Mwaka 1879 ofisa wa jeshi la Marekani, Richard Henry Pratt, alifungua shule ya bweni huko Carlisle, Pennsylvania, kwa ajili ya watoto wa mataifa asilia ya nchi ile. Majengo yalikuwa kambi ya jeshi. Watoto waliletwa kwa treni kutoka mbali, wakanyolewa, wakavalishwa sare, wakapewa majina mapya, wakakatazwa lugha zao. Mwaka 1892 Pratt mwenyewe alieleza kusudi lake kwa maneno yanayokumbukwa hadi leo: muue Mhindi (ndivyo walivyowaita wenyeji asilia wa Marekani) aliye ndani yake, umwokoe mtu. Shule ilifungwa mwaka 1918, lakini mfano wake ulikuwa umekwisha kuenezwa katika shule nyingine nyingi.

Ninachokiona hapo ni kambi yenyewe. Mtoto aliyezoea kulala chumba kimoja na bibi, shangazi na wadogo zake analazwa kwenye safu ya vitanda. Anayejifunza kwa kumtazama mkubwa akifanya kazi anaketishwa akitazama kisogo cha mwenzake. Hata mwalimu asiposema neno, jengo limeshasema. Na tukiwa wakweli, shule nyingi tulizosoma sisi, ambazo hazikuwa na nia hiyo mbaya, zilichorwa kwa mkono uleule: mstatili, korido, kengele, jukwaa la mwalimu, uwanja wa gwaride.

Sasa nije kwa mtu aliyelitatua tatizo la mabati yangu. Diébédo Francis Kéré alizaliwa Gando, kijiji cha Burkina Faso, akiwa mtoto wa chifu. Gando haikuwa na shule, kwa hiyo akiwa mdogo alipelekwa kuishi mbali na kwao ili asome, katika darasa la zege lenye joto la kutisha. Baadaye alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, akaendelea mpaka akasomea usanifu majengo Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alianza kuchangisha fedha za kuijengea Gando shule, na mwaka 2001 shule ikakamilika. Mwaka 2004 ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo wasanifu huitazama kama kilele cha kazi yao.

Tuzo tuziache. Kinachonivutia ni kwamba watu wa Gando mwanzoni hawakuitaka shule ya udongo. Walimsomesha kijana wao, amerudi kutoka Ulaya, halafu anawaambia wajenge kwa udongo? Udongo waliujua. Unamong'onyoka masika, unakandikwa, unamong'onyoka tena. Na mimi niko upande wao kabisa. Mtu anayelala ndani ya nyumba ya zege na kumsifia mwenzake uzuri wa udongo anapaswa kwanza aukandike yeye misimu mitatu. Kwa aliyeishi ndani yake, udongo haunuki utamaduni tu. Unanuka pia umaskini, na mzazi anayemtafutia mwanawe njia ya kutoka haoni sababu ya kumrudisha humo humo kwa jina la asili.

Kéré hakuwahubiria. Aliubadilisha udongo wenyewe. Uliongezwa saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono kuwa matofali magumu. Kisha akalishughulikia paa. Juu ya madarasa kuna dari la matofali linalopitisha hewa, na juu ya dari, kwa nafasi kubwa, yameinuliwa mabati yaliyotanuka kupita kuta pande zote. Hewa ya moto inapanda, inapenya darini, inatokea kwenye ile nafasi iliyo chini ya mabati. Mvua haifiki ukutani kwa sababu paa limeufunika. Kenchi zilitengenezwa kwa nondo za kawaida zilizochomelewa palepale kijijini, kwa kuwa hakukuwa na winchi ya kuinua vyuma vizito, na vijana walifundishwa kutumia msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuchomelea. Wanakijiji walibeba mawe na maji. Wanawake walisindilia sakafu ya udongo kwa kuipigapiga, kazi waliyokuwa wakiifanya majumbani mwao tangu zamani.

Ukiitazama picha ya shule ile, haifanani na nyumba ya jadi ya pale. Ina mabati, ina nondo, ina mistari iliyonyooka. Hakuna nakshi wala paa la msonge. Lakini fundi wa Gando anaweza kuikarabati bila kumpigia mtu simu, na mama aliyepiga sakafu anajua ni wapi alipopiga. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya shule inayofanana na kijiji na shule ambayo kijiji kinaiweza, ningechagua ya pili bila kufikiri mara mbili.

Huko Rudrapur, Bangladesh, shule inayoitwa METI ilijengwa mwishoni mwa mwaka 2005 kwa udongo na mianzi, kwa usanifu wa Anna Heringer na Eike Roswag, nayo ikapata tuzo hiyohiyo ya Aga Khan mwaka 2007. Udongo na majani makavu vilikanyagwa na ng'ombe mpaka vikashikana. Ghorofa ya juu ni mianzi, na nyuma ya madarasa ya chini kuna vijipango laini vya udongo ambamo mtoto anaweza kujikunyata na kitabu chake. Kila mtu hupiga picha vijipango vile, nami nimevitazama sana. Ila siri ya jengo iko mahali pasipopigwa picha. Nyumba za udongo za eneo lile zilikuwa zikisimama bila msingi wa maana, unyevu unapanda, ukuta unaoza kuanzia chini. Wajenzi wa METI waliweka msingi wa matofali ya kuchoma, wakaweka na tabaka la kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta. Jadi ilikuwa na ugonjwa wa miguu, wakautibu miguuni, sehemu nyingine wakaiacha iendelee na maisha yake. Kuna wapenzi wa jadi watakaoudhika nikisema jadi ina magonjwa. Bibi yangu asingeudhika, maana ndiye aliyekuwa akikandika.

Mifano hiyo miwili ni ya vifaa na mikono. Kwa Wamaori wa New Zealand nilikutana na jambo jingine, na kwangu hili ndilo lenye kina zaidi. Nyumba yao ya kukutania, wharenui, ni mwili wa babu wa ukoo. Boriti ya juu kabisa ya paa, tāhuhu, ni uti wa mgongo wake. Kombamoyo, heke, ni mbavu. Mbao mbili zinazoteremka mbele ya nyumba ni mikono aliyoinyosha kumpokea mgeni. Nguzo za kuchongwa ukutani ni wazee, kila mmoja na jina lake na habari zake. Unavua viatu, unaingia, na tayari uko kifuani mwa mtu.

Miaka ya 1970 lugha ya Kimaori ilikuwa inakaribia kubaki midomoni mwa wazee tu. Mwaka 1982 yakaanza malezi ya watoto wadogo yaitwayo kōhanga reo, yaani kiota cha lugha: wazee na watoto wachanga pamoja, Kimaori peke yake. Watoto wale walipofika umri wa shule ya msingi, wazazi hawakutaka kuwapeleka kwenye shule ambayo ingewavua lugha ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1985, Auckland, shule ya kwanza ya kura kaupapa Māori, yaani shule inayofundisha kwa Kimaori na kwa misingi ya Wamaori, ikaanzia Hoani Waititi Marae, na mwaka 1989 sheria ya elimu ikazitambua shule za namna hiyo.

Angalia mpangilio wenyewe. Hawakuanza kwa kuchora shule iliyofanana na nyumba ya ukoo. Waliipeleka shule kwenye marae, mahali pa ukoo penyewe. Ukiwa na nyumba ambayo kila nguzo ni mtu, nasaba haihitaji bango ukutani. Mtoto anaegemea nguzo akisoma, na nguzo ni babu yake. Akiuliza huyu ni nani, yupo mzee wa kumjibu, na jibu ni historia, ni jiografia, mara nyingine ni somo la ubaharia. Nakshi ambazo nimezisema vibaya hapo juu huku zina kazi nyingine kabisa, kwa sababu wapo wanaozisoma. Bila msomaji, nguzo ile ingebaki mbao nzuri.

Jambo linalokaribiana na hilo liko Tsaile, Arizona, kwenye Chuo cha Diné, kilichoanzishwa na taifa la Wanavajo mwaka 1968, chuo cha kwanza Marekani kuanzishwa na kuendeshwa na taifa asilia lenyewe. Majengo yake yamefuata mzunguko wa hogan, nyumba ya jadi ya Wanavajo, ambayo mlango wake hutazama mashariki ili jua la asubuhi likukute. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka bibi wa kamatini. Kumbe duniani wapo watu waliojenga chuo kizima kwa kuanza na swali lake.

Lakini mtu anaweza kuipenda jadi kwa moyo wote na bado akakosea. Hassan Fathy wa Misri aliipenda kweli. Miaka ya 1940 alipewa kazi ya kujenga kijiji kipya, New Gourna, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Luxor, kwa ajili ya watu waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Alijenga kwa matofali ya udongo, na shule zilikuwemo katika mpango wake. Kuba na matao aliyoyapenda yalitoka kwa Wanubi, watu wa kusini zaidi kando ya mto Nile, na aliwaleta waashi wa Kinubi kuyajenga. Watu wa Gourna walio wengi hawakuhamia. Sababu kubwa ilikuwa riziki yao, iliyokuwa kule makaburini, wala hakuna aliyewauliza kama wanataka kuondoka. Wakosoaji wameongeza kwamba kuba kwa watu wale lilikuwa jengo la kaburi. Kwa hiyo ilikuwa jadi halisi, nzuri, ya Kiafrika kabisa, na haikuwa yao. Yule kijana wetu na madarasa yake ya mviringo alikuwa na bahati kwamba alikosea akiwa bado kwenye karatasi.

Na kuna Makoko, Lagos, mtaa uliosimama juu ya maji. Shule inayoelea iliyosanifiwa na Kunlé Adeyemi ilikamilika mwaka 2013: mbao, umbo la pembetatu, mapipa ya plastiki chini yake yakiibeba. Ilichukua maisha ya watu wa majini na kuyapa heshima, na picha zake zikazunguka dunia. Juni 2016 iliporomoka katika mvua kubwa. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kuhamishwa, hakuna aliyeumia. Siwezi kuucheka mradi ule, kwa maana uliwaza jambo ambalo wengi hawakuthubutu kuliwaza. Lakini ningependa kila kamati ya ujenzi iulizane, kabla ya kuuliza jengo linaakisi nini, ni nani atakayekaza bolti mwaka wa tatu, na kwa fedha ya nani.

Upande wa karatasi mambo yamenyooka. Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili, la mwaka 2007, linasema katika ibara ya 14 kwamba watu hao wana haki ya kuanzisha na kusimamia mifumo yao ya elimu, kwa lugha zao na kwa namna inayofaa utamaduni wao. Kwenye kiwanja ni habari nyingine. Kuna ramani ya kawaida yenye vipimo vya kawaida, na ukitoka nje yake muhuri hauji. Kuna mkaguzi ambaye neno "udongo" linamfanya afunge faili. Sisi tulizungushwa miezi mingi kwa ajili ya kuurefusha upande mmoja wa paa. Fomu haikuwa na sehemu ya kuandika kuwa bibi mmoja ameuliza wazazi watakaa wapi. Mwishowe mtu mwenye busara akatushauri tuandike "kinga ya mvua", na muhuri ukagongwa siku hiyohiyo.

Tulichokipata ni kidogo ukilinganisha na ile ramani ya kwanza. Madarasa yamebaki mstatili, kwa sababu dawati halikai vizuri kwenye ukuta wa mviringo. Milango imegeuzwa. Ofisi ya mwalimu mkuu imesogezwa hatua kama arobaini, na masika ya mwaka uliofuata maji yalipita palepale bibi alipoonyesha, yakaacha tope la kifundo cha mguu. Nakshi ziliachwa, isipokuwa ukuta mmoja ambao wanawake wa hapo waliusiriba na kuupamba wenyewe kwa mikono. Sasa unabanduka, na wanabishana ni zamu ya nani kuurudishia. Dari halijawekwa, fedha ziliishia kwenye paa. Mvua ikishuka, mwalimu bado anaweka chaki chini.

Chini ya ule upande mrefu wa paa tulijenga benchi la tofali kufuata ukuta wa darasa la nne, dirisha likiwa juu yake. Wazazi hukaa hapo. Mara nyingi ni wazee, maana ndio wenye nafasi. Kuna mmoja anayekuja karibu kila asubuhi na fimbo yake, anaegemea ukuta, anafumba macho kama amelala. Wiki chache zilizopita mwalimu wa darasa hilo aliuliza mto wa jirani ulipata wapi jina lake, na kabla mtoto yeyote hajainua mkono, jibu lilitoka dirishani, refu, likiwa na majina ya watu watano na ugomvi wa mashamba ndani yake. Lilikuwa tofauti na la kwenye kitabu. Watoto waligeuza shingo zote.

Mwalimu ameleta barua kwenye kamati akiomba dirisha la upande ule liwekewe vioo vya kufunga. Kikao ni Jumamosi. Nitaandika kumbukumbu kama kawaida, na bibi amekwisha kuniambia kwamba yeye atawahi kuingia, akae mbele.